Sanduku la baba mjamaa: kipi kitunzwe, kipi kichapwe, kipi kisomwe mbele za watu

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 84. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Isimani, Iringa, akawa pia katibu wa tawi la TANU, na hadi anakata roho alijiita mjamaa. Maisha yake yote alikuwa anaandika: barua kwa magazeti, vijitabu vya kudurufu kuhusu ushirika, madaftari. Ameacha sanduku la bati limejaa, viroba viwili vya karatasi na kaseti kadhaa. Tunaandaa kumbukumbu ya mwaka mmoja na tungependa kutoa kijitabu, ila tumegawanyika. Kaka yangu anasema tuchome, siasa hizo zimepitwa na wakati, na ndizo zilizomfanya baba arudishe kiwanja cha mjini tukakua bila kitu. Baba mdogo anataka tutoe kila kinachogusa Operesheni Vijiji, maana baba alishiriki kuhamisha watu na majirani wale bado wapo. Mchungaji ameuliza kwa upole kama marehemu hakuwa mkomunisti. Tena kuna msomi kutoka Dar anaomba achukue sanduku zima kwa ajili ya utafiti. Mama yupo, ana nguvu kiasi. Mimi ndiye binti mkubwa na ufunguo ninao. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyote. Kwanza kabisa, huo ufunguo endelea kukaa nao. Usimpe kaka yako wala baba yako mdogo, na msomi wa Dar mwambie avute subira. Utafiti wake hautaharibika kwa kungoja miezi michache. Karatasi ikishachomwa imekwenda, na ikishatoka nyumbani bila maandishi, kuirudisha kunaweza kuwa kesi.

Ninavyoona mimi, chini ya ugomvi wa sanduku kuna ugomvi wa baba. Kaka yako anamtaka yule ambaye angewajengea nyumba mjini. Baba mdogo anamtaka ndugu asiyedaiwa na mtu. Mchungaji anataka kumzungumzia muumini bila wasiwasi, na msomi anatafuta shahidi. Wote wana haki ya sehemu yao, lakini hakuna mwenye haki ya kuwakatia wengine sehemu zao.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka, na masanduku ya namna hii nimefunguliwa mengi huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Rungwe hadi Mufindi: ya makatibu wa ushirika, walimu wa kisomo cha watu wazima, makatekista, mabalozi wa nyumba kumi. Vijijini kuna waandishi wengi kuliko watu wanavyodhani. Wengi wao hawakuwahi kuchapwa hata kitabu kimoja, ila waliandika kila wiki kwa miaka arobaini, tena kwa mwandiko wa ualimu unaosomeka hadi leo.

Familia nyingi huanza kwa kudhani kwamba wasifu uliosomwa siku ya mazishi ndio kumbukumbu yenyewe, na kwamba kilichobaki ni kuurefusha na kuupeleka kwa mchapaji. Wasifu wa msibani una kazi yake. Husomwa na mtu wa familia jeneza likiwa mbele, watu wamejibanza chini ya turubai: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto na wajukuu, ugonjwa ulianza lini, alilazwa wapi, saa ngapi alikata roho, kisha Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Dakika chache tu, na hakuna anayelalamika kwamba ni mfupi. Mtu aliyeishi kwa kubishana haenei humo. Maisha ya mwanaharakati yamo katika mabishano yake: alimwandikia nani, kwa jambo gani, mwaka gani, akajibiwa nini, na baada ya jibu alishikilia lake au alilegeza. Ukitoa upande wa pili, unabaki na mzee anayepiga kelele peke yake chumbani.

Kwa hiyo mtakapofungua sanduku, kabla ya kutafuta maandishi yake mazuri, tafuteni majibu aliyopokea. Barua ya mhariri aliyekataa makala yake, karipio la katibu wa wilaya, barua ya rafiki aliyemwambia anakosea. Karatasi hizo ndizo huwa za kwanza kutupwa, kwa sababu hazina jina lake chini.

Nianze na kaka yako, na ninakusihi usimjibu kwa haraka, maana ana hoja. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa Februari 5. Ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaliwalenga viongozi wa chama na serikali pamoja na watumishi wa ngazi ya kati na ya juu. Miaka 24 baadaye, Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikayalegeza, na tangu hapo mwenye nyumba ya kupangisha hakuwa tena na sababu ya kuificha kwa jina la shemeji.

Sasa kuhusu kile kiwanja: mtafute mwaka. Kama alikirudisha miaka ya sabini, huenda ilikuwa imani, huenda ilikuwa kuogopa kusemwa na wakubwa, huenda vyote viwili. Kama alikirudisha baada ya 1991, wakati hakuna tena aliyemkataza, basi mnaye mtu aliyeifuata miiko baada ya chama chake kuiacha. Nakala ya kaboni ya barua hiyo, au stakabadhi tu ya ofisi ya ardhi, ina uzito kuliko hotuba kumi za kumsifu. Mama yenu ataujua mwaka hata kama karatasi imepotea. Kina mama wa rika lake hukumbuka miaka kwa mimba na kwa mavuno, na hesabu yao mara nyingi iko sawa.

Tena kwa mama usiishie hapo. Muulize nani alilipa gharama ya imani ile. Mwalimu akienda semina ya chama wiki mbili, shamba lililimwa na nani? Wageni wa mkutano walipikiwa na nani, kwa unga wa nani? Katika madaftari ya wanaharakati wengi niliyoyapitia, mke hutajwa akijifungua na akiugua, basi. Kumbukumbu ya mjamaa isiyosema nani alikuwa anakoka moto imeacha nusu ya kazi nje. Na kaka yako naye apewe ukurasa wake kwenye kijitabu, aandike alivyoumia, bila mtu kumsahihisha. Wengi nimewaona wakipoa wakishajua kwamba wao pia wataandikwa.

Halafu mweleze kwamba kutunza karatasi si kuunga mkono siasa iliyomo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyapa kazi ya kununua mazao mashirika ya umma. Mwaka 1982 ikatunga sheria ya kuvirudisha. Daftari la mwalimu wa kijijini lililoandika mahindi yalichukuliwa lini na fedha zilikuja lini katika miaka hiyo sita linamfaa mjamaa na mfanyabiashara sawasawa.

La mchungaji ni jepesi. Hofu yake inatokana na kudhani kwamba mjamaa lazima awe amemkana Mungu. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila alipoweza, na Kanisa lake limeshafungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Imani ya TANU, ile inayotangulia Azimio la Arusha, inataja wazi haki ya kila raia kuamini dini anayotaka. Baba yenu kama alitoa zaka, stakabadhi zake zimo kwenye sanduku hilohilo. Walimu wa zamani hawakutupa stakabadhi. Mpelekeeni mchungaji mbili tatu. Kama hamtazikuta, au mkikuta amegombana na kanisa, mwambieni hivyo pia, asije akasimama madhabahuni akasema jambo ambalo wazee waliokaa mbele wanajua si kweli.

Sasa Operesheni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kijitabu chenu kitakapopata uzito au kitakuwa cha kugawa na kusahau.

Watu wengi, hata waliosoma, huchukulia ujamaa na Operesheni Vijiji kuwa jambo moja. Miaka inakataa. Waraka wa Mwalimu wa Septemba 1967, Ujamaa Vijijini, ulisisitiza hiari: mtu aingie kijiji cha ujamaa kwa kushawishika, si kwa kusukumwa. Upande wa Songea, wakulima wa Litowa walikuwa wameshaanzisha kijiji chao mwanzoni mwa miaka ya sitini, wakaungana na vijiji vingine katika jumuiya ya maendeleo ya Ruvuma, wakilima pamoja na kuendesha shule yao. Septemba 1969 jumuiya hiyo ilivunjwa, tena na TANU yenyewe. Novemba 1973 ndipo ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi iwe imekwisha kufikia mwisho wa 1976. Mwaka 1974, ambao wazee wenu wanautaja kwa sauti ya chini, ndio wa malori, mgambo na nyumba kuezuliwa.

Na Isimani ina yake. Kabla ya hapo ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya mahindi, watu binafsi wenye matrekta na vibarua, kwa hiyo kampeni ya vijiji vya ujamaa ilipofika iligusa mali za watu moja kwa moja. Siku ya Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, shambani kwa Mwamwindi. Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Chuo cha ualimu mjini Iringa kinaitwa Kleruu hadi leo, na katika vijiji vya Isimani jina la Mwamwindi nalo halijafutika. Baba yenu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, katibu wa tawi, katikati ya hayo yote. Hakuna namna ya kumkumbuka kwa ukweli ukiruka miaka hiyo. Ukiiruka, msomaji yeyote wa Iringa ataliona pengo kabla hajafika ukurasa wa tano, na ataanza kujiuliza kwa nini.

Inawezekana kabisa mtu aliamini ujamaa kwa dhati, akasimamia uhamisho mchana, na usiku akaandika kwenye daftari kwamba hii si ile waliyoahidiana. Wajamaa hawakuwa kitu kimoja. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri wa Mwalimu kisha akawekwa kizuizini kuanzia 1972 hadi 1978, alibaki msoshalisti hadi kifo chake mwaka 1996, na kitabu alichotoa mwaka 1981 kiliushambulia ujamaa wa Kiafrika kwa hoja za Kimarx. Kwa hiyo mkikuta daftari la 1974 linasifu Operesheni na la 1990 linailaumu, msiseme moja ni la kweli na jingine ni la uongo. Chapeni yote mawili, kila moja na tarehe yake. Na mkikuta hakuwahi kuilaumu hata mara moja, msimtungie majuto. Huo utakuwa uongo mbaya kuliko kuficha, kwa sababu utawafanya majirani wasamehe jambo ambalo yeye hakuliombea msamaha.

Baba mdogo anachohofia ni aibu ya hadharani, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kutunza, kuchapa na kusoma kwa sauti ni maamuzi matatu tofauti. Tunzeni kila kitu. Chapeni baadhi. Mbele ya watu, chakula kikiwa jikoni na spika inakoroma, someni kidogo sana. Daftari la Operesheni lisisomwe siku ile kwa kushtukiza.

Kabla ya hapo, nendeni kwa hao majirani waliohamishwa. Msipige simu. Baba mdogo ndiye atangulie, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki upande wa marehemu, nawe ufuatane naye. Mkifika, salamu zikiisha, semeni mlilolijia: baba ameacha maandishi, mnaandaa kumbukumbu, na mnajua kwamba habari ya mwaka ule hamuwezi kuieleza bila wao. Kisha mnyamaze. Watawaambia mambo ambayo daftari haliyajui: mahame yao yako upande gani, mahindi yaliyoachwa yakiwa mabichi, makaburi yaliyobaki kule, nani alizaliwa kwenye kibanda cha muda. Msianze kumtetea. Mkitamani kusema "lakini alitumwa", limezeni. Wao wanajua alitumwa na nani, walikuwepo. Wakikubali maneno yao yaingie kijitabuni, wasomeeni kabla ya kuchapa. Wakikataa kutajwa, msiwataje, hata kwa kuzunguka. Na wakisema hawataki habari hizo kabisa, rudini nyumbani, andikeni mliyoyasikia wenyewe kwa tarehe, mfunge kwenye bahasha mpaka hapo mtakapokubaliana na watoto wao.

Kuhusu kuwahoji wazee wenzake, neno moja la kiufundi. Ukimuuliza mzee "ilikuwaje siku aliyokufa Klerruu", atakupa hadithi ambayo kijiji kizima kimeisimulia kwa miaka hamsini, na utashindwa kujua yupi aliona na yupi alisikia. Muulize alikuwa wapi asubuhi ile, alikuwa anafanya nini, na nani alimletea habari. Kumbukumbu ya mtu hushikamana na mahali na kazi ya mikono kuliko na tukio lenyewe, kwa hiyo ukianzia hapo yeye mwenyewe atatenganisha aliyoyaona na aliyoyasikia. Mwache aseme Kihehe kama ndicho kinachomtoka. Rekodi kwa simu, ila kwanza jaribu sekunde chache usikilize, maana kuku na upepo wa Isimani vimeniharibia mahojiano mazuri.

Sasa karatasi zenyewe. Bahati yenu ni ukavu wa Isimani. Familia za Tukuyu hunionyesha vitabu vilivyogandana kwa ukungu kama mkate. Adui wenu wakubwa ni mchwa, panya, jua na watu wenye nia njema. Sanduku liinuliwe kwenye matofali, lisiguse ukuta. Viroba hamisheni vitu vyake kwenye maboksi makavu, kwa sababu plastiki iliyofungwa hufungia unyevu ndani. Msianike chochote juani. Wino wa kalamu hupauka, na zile nakala za wino wa zambarau zilizotolewa kwa mashine ya kudurufu ya spiriti huweza kufutika kabisa. Msibandike selotepu na msilaminishe. Gundi ya selotepu huingia kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka, na ukishalaminisha hakuna kurudi nyuma. Pini na klipu zilizoshika kutu zitoeni taratibu. Vipande vya magazeti vitengeni na vingine: karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa ile gundi yake ya asili, ambayo kadiri inavyozeeka hutoa asidi, ndiyo maana hugeuka njano na kuvunjika, na huambukiza karatasi iliyolala chini yake. Toeni fotokopi, kisha kipande chenyewe kifungwe peke yake.

Kubwa kuliko yote ni mpangilio wake. Msipange upya kwa mada ati ili vionekane vizuri. Kama alifunga barua za ushirika pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, alikuwa na sababu, au alifunga siku moja, na hilo peke yake ni tarehe. Pigeni picha kila tabaka kabla ya kulitoa. Kila fungu lipewe namba kwa penseli kwenye kona, si kwa kalamu. Bahasha msitupe, muhuri wa posta mara nyingi ndio tarehe pekee iliyopo. Kisha kila ukurasa upigwe picha kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, kingo zote zionekane, na picha zihifadhiwe mahali patatu tofauti, pamojawapo pawe nje ya Iringa kwa ndugu mnayemwamini.

Mtakutana na karatasi nyingi zisizo na mwaka. Zinajisema zenyewe. Ikiwa na TANU kwenye kichwa, ni kabla ya Februari 5, 1977, siku CCM ilipozaliwa. Ikitaja Njombe kama wilaya ya Mkoa wa Iringa, ni kabla ya 2012. Ikitaja Mbozi au Tunduma ndani ya Mkoa wa Mbeya, ni kabla ya 2016. Ikiongelea reli ya TAZARA kama kitu kinachojengwa, ni kati ya 1970 na 1975. Ikimsihi mkulima ajiandikishe kwenye kikundi cha redio cha kampeni ya afya ya "Mtu ni Afya", ni 1973. Kampeni ya lishe ya "Chakula ni Uhai" ni 1975. Andikeni makisio yenu kwenye kipande cha karatasi pembeni, na mseme kwa nini mmekisia hivyo.

Kwa upande wa sheria, anayeshika ufunguo si lazima awe mwenye mali. Karatasi ni sehemu ya mirathi kama ng'ombe na shamba. Kama bado hamjateua msimamizi wa mirathi, kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, muende nao mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi ndiye atakayetia sahihi makubaliano yoyote ya sanduku. Hakimiliki ya alichoandika baba yenu, kwa sheria ya Tanzania Bara ya 1999, inaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake na ni ya warithi. Lakini barua alizoandikiwa ni habari nyingine: karatasi ni yenu, maneno ni ya aliyeandika au warithi wake, na kuzichapa kunahitaji ruhusa yao.

Msomi wa Dar simfahamu na sina sababu ya kumshuku. Mkaribisheni aje asomee hapo nyumbani au mjini Iringa, apige picha, na kwa maandishi aahidi kuwapa nakala ya picha zote na ya kile atakachochapa. Asilia isitoke kwa mtu binafsi, awe na shahada ngapi.

Baadaye, kama mnaona nyumbani hapatoshi, kuna taasisi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina wataalamu na maghala yanayofaa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa Afrika Mashariki, na ndiko watafiti wa historia ya ujamaa wanakopita. Ubaya wa kote kuwili ni umbali: mjukuu wa Isimani atahitaji nauli ili asome mwandiko wa babu yake. Makumbusho ya Boma mjini Iringa iko karibu, na ingefaa kuulizwa kuhusu vitu kama kadi ya uanachama, redio au mashine ya kudurufu kama ipo. Popote mtakapopeleka, ulizeni kama ni zawadi au ni amana. Zawadi hairudi, amana mnaweza kuichukua. Kwa familia ambayo bado inabishana kama yenu, ningechagua amana, na nakala kamili ibaki nyumbani.

Kijitabu kiwe chembamba. Msijaribu kutoa maandishi yake yote mwaka huu. Mtachoka, mtagombana na mchapaji, na kumbukumbu itapita. Kurasa arobaini zinatosha: barua zake chache alizojibiwa, pamoja na majibu, sehemu ya daftari la Operesheni kama mtakavyokubaliana na majirani, maneno ya mama, ukurasa wa kaka, na orodha fupi ya kilichomo sandukuni ili anayetaka zaidi ajue pa kuuliza. Lugha yake msiisafishe. Kama aliandika "mabwanyenye" mara ishirini katika ukurasa mmoja, na liwe mara ishirini. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na nakala moja ipelekeni maktaba ya mkoa Iringa, nyingine shuleni alikofundisha.

Kuna mambo ambayo msiyamalize kwa kusoma majibu kama haya. Mkikuta madaftari yaliyoshikana kwa unyevu au yenye ukungu mweusi, msiyabandue. Funikeni pua, yatengeni, muombe mhifadhi wa idara ya nyaraka ayaone kwa macho. Mkikuta maandishi yanayomtuhumu kwa jina mtu aliye hai, kwamba aliiba au aliua, msichape sentensi hiyo kabla ya wakili kuisoma, hata kama nyote mnaamini ni kweli. Ndugu wakianza kutishana kuhusu sanduku, pelekeni shauri la mirathi mahakamani mapema, kabla halijawa la polisi. Na zile kaseti, msizijaribu kwenye redio kuukuu ya nyumbani ili kusikia sauti yake kidogo, najua mtatamani. Utepe wa miaka arobaini unaweza kukatika mara ya kwanza unapovutwa. Zikae wima, kivulini, mbali na spika, mpaka apatikane fundi mwenye mashine safi atakayezihamishia kwenye kompyuta kwa mkupuo mmoja.